Kumwonjea Mjomba

Kila asubuhi, kabla mkaa haujashika moto, mpishi mkuu wetu alimuuliza kila mmoja ameamkaje nyumbani kwake. Haikuwa salamu ya kupita. Alingoja jibu. Ukisema "salama" huku macho yamekuvimba, alikutazama kimya mpaka useme: mtoto kakohoa usiku kucha, paa limevuja, mke kanuna. Ndipo aligawa kazi. Aliyekosa usingizi hakukaribia mafuta ya moto siku hiyo. Alikaa kwenye kigoda akachambua mchele. Aliyekuja na hasira alipewa kinu atwange karanga mpaka zitoe mafuta.

Nilikuwa nimepita majiko mengi kabla ya hilo. Shule niliiacha darasa la sita kwa kutaka kujua malori yaliyopita mbele ya dirisha la darasa yalikuwa yanakwenda wapi, na tangu hapo sijaacha kujiuliza. Nimeosha masufuria Makambako, nimekaanga chipsi Mbeya, nimeuza supu stendi ya Njombe. Songea niliingia juu ya magunia ya mahindi, lori likitokea Namtumbo. Kote huko mkuu wa jiko alikuwa mtu wa kupiga kelele. Huyu, mama wa Kingoni kutoka Mshangano ambaye sote tulimwita Mama, ndiye wa kwanza kuniuliza nimelala wapi. Nilipomwambia nimelala stendi, hakusema pole. Alinipa ndoo ya vitunguu nimenye, na jioni akanipeleka kwa jirani yake mwenye chumba.

Michuzi ilikuwa mikononi mwa Myao wa Tunduru, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Tulimwita Mjomba. Yeye na Mama walikuwa watani, kama Wangoni na Wayao walivyo tangu zamani, na utani wao ndio uliokuwa redio ya jikoni.

"Wewe Myao, mbona mchuzi unanukia korosho? Nani kakwambia kila kitu ni korosho?"

"Babu zako walifika huku na mikuki, hata mwiko hawana. Shukuru unafundishwa kupika."

"Nikifa usije msibani kwangu."

"Nije, tena mapema. Nani atamaliza ubwabwa wako?"

Chini ya maneno hayo kulikuwa na jambo ambalo sikuliona mpaka siku lilipokwama. Mwezi wa Ramadhani Mjomba alipika bila kuonja, na Mama alimwonjea. Ijumaa za Kwaresima Mama hakugusa nyama, na Mjomba alimwonjea. Najua mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema, maana nilimuuliza Mjomba. Akasema ni kweli, lakini hakuwahi kufanya hivyo ujanani na hakutaka kuanza na mvi.

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani ziliingia wiki moja.

Ijumaa ya kwanza tulikuwa na wageni wa semina, watu waliolipiwa chakula cha mchana, wali na mchuzi wa ng'ombe. Mjomba alitia chumvi kwa macho na mkono, kama alivyozoea, akafunika sufuria, akaenda msikitini. Huku nyuma Mama akaitazama ile sufuria. Alijua mwenzake ana hofu ya kuzidisha siku ambayo hakuna wa kumwonjea, akaamini kwamba hakutia, au ametia kiduchu. Kwa huruma yake akatia ya kwake. Wageni walikula vijiko viwili vitatu wakaomba maji, wakaomba tena maji, kisha wakaacha.

Mwenye mgahawa hakuwa mtu mbaya. Alianza na meza moja ya chai sokoni, na hofu ya kurudi pale haikumtoka. Alikuja jikoni jasho likimtiririka ingawa nje kulikuwa na mvua na baridi.

"Mjomba apumzike mpaka Idi," alisema. "Nitatafuta mtu wa kushika michuzi."

Mjomba ndiyo kwanza anaingia kutoka kwenye swala, kofia bado kichwani. Wote tulijua mapumziko ya namna hiyo. Mtu mwingine akishashika sufuria yako, Idi inakukuta nyumbani, na baada ya Idi pia unabaki nyumbani. Na nyumbani kwake Mfaranyaki kulikuwa na wajukuu waliomtegemea yeye peke yake.

"Chumvi ya pili ni yangu," Mama alisema.

"Ndiyo shida ya jiko hili. Mnapendana mno. Kila mtu anamfichia mwenzake."

"Ningekuwa namfichia ningekwambia?"

Yule bwana alimtazama, akatutazama na sisi. "Wale watu wanarudi Ijumaa ijayo. Ikiharibika tena, anapumzika. Sitaki kesi."

Alipotoka, Mama alinigeukia mimi niliyekuwa na kisu cha vitunguu mkononi.

"Wewe umefunga nini?"

"Sijafunga kitu, Mama."

"Hujabatizwa?"

"Nilibatizwa, ila..."

"Ila umepotelea njiani. Haya, leo umetufaa."

Basi wiki ile nikawa mwonjaji. Kila sufuria ya Mjomba nilipewa kijiko, na kila mara nilisema, "Iko poa." Siku ya tatu Mjomba aliweka upawa chini.

"Iko poa ni jibu la mteja. Mimi nataka kujua iko wapi."

Sikujua chumvi huwa iko wapi. Ulimi wangu ulikuwa wa stendi, umezoea supu ya kuamsha madereva. Mjomba aliona ninavyobabaika, akacheka, lakini niliona alivyofunika sufuria, akaifunua, akaifunika tena. Mama naye aliona.

"Alhamisi utakwenda kufuturu kwake," aliniambia. "Na mimi nitakuja. Huwezi kumwonjea mtu ambaye hujala kwake."

Tulikwenda kwa miguu, bodaboda zikiturushia matope. Mke wa Mjomba alitupokea kana kwamba alitungoja mwaka mzima. Nilimpa shikamoo, akanikalisha mkekani kati ya wajukuu. Adhana ya magharibi ilipolia Mjomba alikula tende, akanywa uji, akaenda kuswali, akarudi. Ndipo zikaja sahani: mihogo, wali, na mchuzi wa kuku uliotiwa korosho zilizosagwa. Nilichovya. Nikatafuta chumvi, nisiione. Nikameza nikiwa najiandaa kusema uongo wa mgeni, na hapo ndipo ilipokuja, taratibu, nyuma kabisa ya ulimi.

Mjomba alikuwa ananitazama.

"Umeipata?"

"Imechelewa."

"Enhe! Chumvi yangu huja ukishameza. Hiyo yako ya stendi hutangulia mlangoni kama kondakta."

"Eti chumvi yangu," mkewe alidakia. "Anayepika ni mimi miaka yote hii, leo nasikia chumvi ni yake."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndiyo Wayao hao, wifi. Wanachukua kitu ukiwa umekishika."

Nilikula sana usiku ule. Sikula kwa njaa tu. Kila tonge nililimeza kisha nikasubiri, na wajukuu wakaanza kuniiga, wanameza, wanafumba macho, wanasubiri, mpaka bibi yao akawafokea.

Ijumaa ikafika. Mjomba alitia chumvi, akakoroga, akanipa kijiko.

"Haijafika," nilisema.

Akaongeza kidogo, akakoroga, akangoja ichanganyike. Nikaonja tena. Nikameza. Dada wa ugali aliacha kusonga.

"Imekuja."

"Wapi?"

"Nyuma."

Akafuta mikono, akavaa kofia. Mama alisimama kando ya sufuria, mikono ameifunga ndani ya aproni.

"Nenda kaswali, Myao. Sitagusa."

"Mngoni akisema hatagusa, wenye ng'ombe wasilale," Mjomba alijibu, akatoka. Lakini mlangoni aliitazama sufuria yake mara moja zaidi, na Mama akajifanya hakuona.

Hazikupita dakika nyingi mwenye mgahawa akaingia na kijiko chake mwenyewe. Akafunua, akachota, akakipeleka mdomoni.

"Leo Ijumaa, Bosi," Mama alisema kwa upole.

Kijiko kikasimama hewani. Alikuwa mzee wa jumuiya ya Wakatoliki huko kwake, asingeweza kugusa nyama. Mchuzi ulidondoka sakafuni, tone moja, la pili.

"Kaonja nani?"

"Huyu."

"Huyu wa malori?"

"Huyu."

"Yaani mgahawa wangu wote uko kwenye ulimi wa huyu?"

"Uko kwa Mjomba. Huyu kamwazima ulimi tu."

Alinitazama kwa muda uliotosha kunifanya nitamani lori lolote. Kisha akarudisha kijiko, akawaambia wahudumu wapakue.

Sufuria ilirudi na mfupa mmoja. Mjomba aliporejea alikuta mwenye mgahawa amesimama palepale alipotaka kumsimamisha kazi Ijumaa iliyopita.

"Wanarudi wiki ijayo," yule bwana alisema. "Watu wa jiko wawe tayari."

"Watu gani?" Mama aliuliza.

"Si hawahawa? Kuna wengine?" Akatoka haraka, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Mjomba alifunga aproni yake, akashika kuosha upawa ambao dada wa ugali alikuwa ameshauosha. Jioni hakuna aliyeondoka, ingawa kazi ilikuwa imekwisha. Mama alikuwa amemwekea bakuli la mchuzi pembeni. Adhana ilipolia Mjomba alifungua kwa tende na maji, kisha akachota kijiko kimoja. Akameza. Akasubiri.

"Imepungua," alisema.

"Imepungua wapi, mzee wa watu?" Mama alimrukia. "Watu wamelamba sahani!"

"Kidogo tu. Kesho nitakaa na huyu, nimwelekeze."

Mama alinigeuzia mgongo nisimwone akitabasamu, akaanza kupanga upya masufuria yaliyokuwa yamepangwa vizuri.