Kura Tatu za Wifi Yangu Eustadia

Wifi yangu Eustadia sikumpenda alipokuja, na sioni haya kusema. Kaka yangu Luhende alimleta hapa Ipuli kutoka kwa masista, mwembamba, miguuni viatu, na kabla hajamaliza wiki alikuwa anawasomea majirani barua zao barazani. Mimi nikajisemea, haya, tuone kama hizo barua zitasonga ugali. Darasa la nane, jamani! Mwanamke! Kaka yangu ilibidi abatizwe ndipo apewe mke, akaitwa Hilari, na tangu siku ile aliyomwagiwa maji hakuna aliyemwita jina hilo isipokuwa padri mwenyewe.

Nilianza kumpenda siku ya kumzaa Flavia wangu. Mtoto alitanguliza miguu. Eustadia alikuwa mkunga, kazi aliyojifunza hukohuko kwa masista, na wakunga wengine wangenipa maneno matamu. Yeye aliniinamia akasema, "Wifi, nitajitahidi kwa wote wawili, lakini huenda nikampata mmoja tu. Nakwambia ili usije ukasema nilikuficha." Nilimtukana matusi yote niliyoyajua, ya Kiswahili na ya Kinyamwezi. Akaendelea na kazi yake. Alitupata wote wawili, na tangu siku ile ukimsema vibaya mbele yangu jiandae.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa hajui kudanganya. Ukimuuliza kama mboga imekolea chumvi, anakwambia haikukolea, hata kama umeipika wewe na wageni wamekaa.

Kaka yangu naye alikuwa mrina asali, mizinga yake ikiwa porini mbele ya Kaliua, mwendo wa siku nzima kwa miguu baada ya kushuka treni. Mizinga ile aliianza upya yeye mwenyewe. Ya baba yetu iliteketea. Tulipokuwa wadogo alikuja Mzungu mmoja na askari, wakasema pori letu lina malale, mbung'o watatumaliza, kila mtu ahame akakae karibu na barabara. Huenda walisema kweli kuhusu malale, sijui. Lakini nyumba zilichomwa tukiziangalia, na moto ukaingia porini ukala mizinga ya baba, miaka ishirini ya kazi. Baba hakupandisha mzinga mwingine mpaka anakufa. Luhende alikuwa na miaka kumi na mbili, na kuanzia hapo Mzungu kwake alikuwa Mzungu, hakuna cha huyu mzuri na huyu mbaya.

Sasa uje ule mwaka wa hamsini na nane. Kura ikaja Tabora.

Kura yenyewe ilikuwa ya ajabu, nitaieleza kama Eustadia alivyonieleza mimi nisiyejua a wala be. Jimbo letu la Magharibi lilikuwa litoe wajumbe watatu wa kwenda Baraza la Kutunga Sheria huko Dar es Salaam: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mhindi mmoja. Sisi tumejaa nchi nzima kama mchanga, Wazungu wako wachache, Wahindi wako madukani, lakini viti ni kimoja kimoja, eti ndiyo haki. Na kila mpiga kura lazima achague wote watatu. Ukiweka alama kwa Mwafrika peke yake, karatasi yako imeharibika, haihesabiwi, hata huyo Mwafrika wako hapati kitu. Nani alikaa akafikiri jambo kama hili? Mimi ningependa kumwona uso.

Tena si kila mtu aliruhusiwa. Mpaka uwe umesoma darasa la nane, au una kipato kikubwa, au una cheo. Luhende alikuwa na kadi ya TANU ameishona ndani ya koti, hakosi mkutano hata mmoja, akarudi kutoka kujiandikisha uso umemshuka.

"Wamenikataa," alisema. "Asali yangu haitoshi na shule sina. Yule karani akaniuliza, mkeo je? Nikamwambia darasa la nane. Akasema, basi mlete mkeo."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Kaka, umebatizwa bure? Ndiyo faida yake hiyo!"

Hakucheka. Lakini alimpeleka, na mke wangu huyo, maana mke wa kaka yangu ni mke wangu pia kwa utani wetu, akaandikwa. Nyumba zetu zote za upande huu, zipatazo thelathini, mwenye kura alikuwa yeye peke yake. Basi ikawa safari ya kuja kwake. Huyu analeta karanga, huyu kuku, huyu anakuja mikono mitupu na maneno. Mzee Abasi, aliyekuwa amebeba mizigo ya Waarabu mpaka Ujiji ujana wake, alimwambia, "Mwanangu, mimi sitaishi kuiona kura nyingine. Hiyo karatasi yako nimepanda na mimi." Eustadia aliitikia wote, na usiku alikuwa halali vizuri, macho yalimwonyesha asubuhi.

Chama kilikuwa kimeshaamua pale pale Tabora kwamba tuingie kwenye kura hiyo ya mseto hata kama ni ya uonevu, tuweke alama tatu, na Mzungu na Mhindi tuchague wale waliokuwa upande wetu. Luhende alisikiliza mkutanoni, akarudi nyumbani akatema mate.

"Chama ni changu," alimwambia mkewe, "lakini alama ya Mzungu haitatoka nyumbani kwangu. Mama Modest, unaweka moja. Wa kwetu tu."

"Baba Modest, nikiweka moja karatasi inatupwa."

"Wanawatisha tu! Watatupaje karatasi yenye jina la mtu?"

"Wanatupa. Ni sheria."

"Sheria ile ile iliyochoma mizinga ya baba?" Alikuwa ameinuka sasa. "Sikiliza. Mkono wako ukimwekea Mzungu alama, mkono huo usinipikie tena. Urudi kwenu."

Mimi nilikuwepo, nachambua mchicha. Nilitegemea Eustadia atamjibu, maana hakuwa mtu wa kunyamaza. Badala yake aliangalia mikono yake. Mikono ile ilikuwa imetoa watoto wa nusu ya kijiji.

Siku ya kura nilimsindikiza mjini. Alivaa gauni lake la kanisani. Kwenye mstari kulikuwa na makarani, walimu, machifu, Wahindi na wake zao, na Wazungu waliosimama mstari mmoja na sisi jua likiwawaka sawasawa, jambo ambalo lilinifurahisha sana. Mimi nilikaa chini ya ukuta wa duka nikimsubiri. Alikaa ndani muda ule wa kuchemsha chai, akatoka.

"Enhe?"

"Nimeweka tatu," alisema.

Nikainuka. "Wifi! Na kaka?"

"Nitamwambia. Mzee Abasi amepanda kwenye karatasi ile, na jirani Leonia, hata wewe umepanda. Ningeitupaje?" Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa ile ile. "Akinifukuza, nitakwenda. Lakini nitamwambia leo hii."

Njia nzima nilimbembeleza aseme uongo mmoja tu, uongo mdogo, nani alimwona humo ndani? Akakataa. Basi nikaanza kuogopa kwa ajili yangu mwenyewe, nasema kweli. Niliona atakavyofunga kanga zake, na mimba iliyokuwa tumboni mwangu, nani angenizalisha?

Tulipofika tulimkuta Luhende nje. Mzigo wake wa porini ulikuwa umeshatolewa mlangoni, kamba, shoka, mwenge wa magome wa kufukizia nyuki, vyote vimeegemezwa ukutani. Kwa warina asali wa kwetu, mzigo ukishavuka kizingiti, nyumba imefungwa mdomo. Hakuna ugomvi, hakuna kupaza sauti, hakuna kulia, mpaka mwanamume arudi. Nyumba ikigombana huku, nyuki wanachafuka kule. Hata mimi mwenye mdomo huu niliushika mwiko huo maisha yangu yote.

Eustadia akasimama kama aliyegonga mti. Alijua akisema patakuwa na ugomvi, na mzigo uko nje.

"Vipi?" kaka aliuliza. "Uliweka ngapi?"

Mdomo wangu ulinitangulia. "Moja, kaka!" nikasema. "Moja tu, wa kwetu. Nilimwona akitoka anacheka."

Luhende akatabasamu, nadra sana kwake. Akamshika mkewe bega. "Mama Modest, umenipa heshima," akasema, akabeba mzigo wake akaenda kuwahi treni. Eustadia alibaki amesimama. Hakunigombeza, maana mwiko ulikuwa umeshika. Aliniangalia tu, kisha akaingia ndani kuvua gauni.

Siku kumi na moja hakuniambia neno ambalo si la lazima. "Chumvi iko wapi." "Maji yamejaa." Jamani, bora angenipiga.

Siku ya kumi na mbili, saa tisa mchana, tukasikia hodi, akaingia Mayala, Msukuma aliyekuwa akirina pamoja na kaka. Nyuma yake watu wanne na machela. Sikumtambua aliyelala juu yake. Uso ulikuwa umevimba ukawa mmoja na shingo, macho hayaonekani, midomo imepasuka. Nikaanza kupiga yowe, Eustadia akanikamata mkono kwa nguvu.

"Nyamaza. Chemsha maji."

Aling'oa miiba ya nyuki kwa ukucha, mmoja mmoja. Mayala alisimulia amechuchumaa mlangoni, kofia mikononi.

"Shemeji, kosa ni langu. Mimi nilichelewa kwenda porini, nikawafikia nikiwa na habari za mjini. Nikawaambia kura zimehesabiwa. Nikawaambia tena, kwa kuwachekesha, kwamba kuna karatasi ziliwekwa kando kama takataka, maana wenyewe waliweka alama moja tu. Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Hakula jioni ile. Asubuhi akapanda mti bila kuwasha mwenge, shemeji, mtu aliyerina tangu utoto! Tulimwita, hakuitika."

Eustadia akakamua kitambaa alichokuwa akimkandia, maji yakachuruzika.

Luhende akasogeza midomo. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye chini ya blanketi. "Mama Modest."

"Nipo."

"Karatasi yako nimeitupa mimi. Uliniambia, nikakutisha. Watu wote hawa walikutuma, na mzee Abasi, nami nikaitupa." Alikuwa anajaribu kuinua mkono. "Nilipokuwa juu ya mti niliona heri nisishuke."

Hapo nilijiona mdogo kuliko siafu. Nyumba haikuwa imegombana hata kidogo, mwiko tuliushika barabara, na mtu wangu amelala pale nusu ya kufa kwa sababu ya maneno yangu machache. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda.

"Kaka, ni mimi. Nilikudanganya. Mkeo aliweka tatu. Alitaka kukwambia, mimi nikamwahi, mzigo ulikuwa nje, akanyamaza. Nipige ukipona, nitakuja mwenyewe."

Uligeuka ule uso usio na macho, ukamtafuta mkewe.

"Kweli?"

"Kweli," alisema Eustadia. "Niliweka tatu. Na nitarudi kwetu kama ulivyosema. Kwanza nikuuguze."

"Na wa Kizungu?"

"Na yeye pia. Kwa mkono huu huu."

"Basi haikutupwa."

"Haikutupwa, Baba Modest. Imehesabiwa."

Akavuta pumzi ndefu. Kwenye zile nyufa mbili palipokuwa na macho, maji yalianza kutoka, yakashuka mpaka masikioni, na Eustadia akayafuta kwa kitambaa kile kile cha nyuki. Mayala alitoka nje. Mimi sikutoka, nilikuwa nalia kwa sauti sasa, mzigo ulikuwa umesharudi na mwiko umekwisha.

"Nionyeshe ulivyofanya," kaka alisema. "Sioni. Nionyeshe mkononi."

Eustadia akachukua mkono wake wa kulia, ule ambao haukuvimba sana, akaukunjua. Kwa kidole akachora alama ya kwanza kiganjani. "Huyu wa kwetu." Akachora ya pili chini yake. "Huyu Mhindi." Kidole kilipofika chini, mkono wa Luhende ukajikunja ngumi. Eustadia hakuulazimisha. Alingoja, kidole chake kimesimama hewani, na mimi nikaacha kulia nikatazama.

Ngumi ikafunguka polepole.

"Weka," alisema.