Muuaji wa migombani, rudi ule

Mugonile, hamjambo nyote: Baba Tumaini huko Mbeya, bibi, wifi na watoto, na mashoga zangu wa Kisiba. Sisi hapa Kawetele wazima.

Ila leo nimemkimbiza muuaji.

Asubuhi binti yangu Tumaini kaniaga, "Mama, tunapiga picha migombani na wanafunzi wenzangu." Nikajua picha za kusimama na kucheka.

Nachambua maharage, nasikia, "Nakufa!"

Natazama, mwanangu anakimbia, nyuma yake jitu limevaa koti jeusi na soksi usoni, lina panga!

Nikapiga yowe. Yowe la kwetu mnalijua. Kawetele nzima ikatoka na majembe.

Jitu likageuka, likakimbia kumshinda Tumaini!

"Mama, acha! Ni Baraka wa darasani! Tunaigiza, tumeiga zile filamu za kuwindana!"

Panga lenyewe la boksi, jamani. Aibu niliyopata!

Na mwenzao aliyeshika simu ya kurekodi anacheka tu: "Mama, mwanzo Baraka alikuwa anakimbia kama anaenda kisimani. Sasa ndiyo kakimbia."

Lakini Baraka hajarudi. Kashika njia ya Kisiba, simu yake kaiacha hapa.

Mkimwona, msipige yowe. Mwambieni ndizi zimeiva, na mimi nimetulia.

Nijibuni upesi, mama yake yuko njiani anakuja.