Safari ya Lugembe Iliyoishia Tura

Watu wa Tabora hatuombi ruhusa ya mtu tunapozungumzia miguu. Wengine wana bahari, wengine wana milima. Sisi tuna miguu. Babu zetu waliibeba nchi hii vichwani, wakaipeleka pwani na kuirudisha, na asiyeamini akaulize huko pwani ni nani waliokuwa wakiingia mjini kwa nyimbo. Kwa hiyo, msomaji, usishangae kwamba Lugembe mshona makubazi, mtu wa mtaa wa Ng'ambo, mfupi, mwenye masikio makubwa kama ya punda wa Mwarabu, aliishi miaka thelathini na zaidi akila sifa za safari moja. Shangaa kwamba safari yenyewe hakuifanya.

Naam, hakuifanya. Enzi za Mdachi, kabla reli haijafika Tabora, Lugembe alikuwa kijana wa miaka kumi na minane. Alijitwika mzigo wa nta akaondoka na msafara wa pwani, pamoja na rafiki yake Masolwa. Wakafika Tura. Mbele ya Tura lilikuwapo lile pori linaloitwa Mgunda Mkali, mwendo wa siku nyingi, maji yake ya kubahatisha. Jioni hiyo ukaingia msafara uliotoka huko porini. Lugembe aliona watu wazima, wenye ndevu zao, wakijitupa kisimani kama ng'ombe, midomo imepasuka, na kirangozi, ndiye kiongozi wao, akiwachapa fimbo na kupiga kelele: "Msinywe! Msinywe!"

Asubuhi yake mguu wa Lugembe ulikuwa na maumivu ambayo hakuna aliyeyaona ila yeye. Akautua mzigo. Wenzake wakaendelea; yeye akarudi mpaka Kigwa, akalima mashamba ya watu miezi mitano. Msafara uliporudi kutoka pwani akaungana nao njiani, akaingia Tabora akiimba kuliko wote, na kipande cha kaniki begani alichokinunua kwa Mhindi wa njiani. Masolwa alijua, akanyamaza, kwani ndiyo kazi ya rafiki. Wapagazi wengine walikuwa wa nchi za mbali; mwingine yeyote mjini, Lugembe aliamini, hakujua.

Tangu siku hiyo akawa mtu aliyevuka Mgunda Mkali. Kila mwaka pori lilizidi kuwa refu na simba walizidi kuwa wengi. Na siri yake kubwa, aliyoitoa kwa kunong'ona hata kama barazani wamekaa watu ishirini, ilikuwa hii: "Mpagazi hanywi maji njiani. Hata tone. Maji yanalegeza miguu. Kirangozi akikuona unakunywa, fimbo!"

Watu wakacheka, wakammiminia kahawa nyingine.

Mwaka 1938, mwaka mmoja kabla ya vita vya Hitla, zikatangazwa mbio ndefu za kutoka stesheni ya Igalula mpaka uwanjani Tabora, maili ishirini na kitu, mwishoni mwa mwezi wa kumi. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya. Sasa huo mwezi wa kumi, kwa asiyeijua Tabora, ni mwezi wa kuadhibiwa. Miti haina jani, vumbi jekundu linasimama lenyewe na kucheza katikati ya njia, na mbwa hawabweki kwa uvivu. Aliyeuchagua mwezi huo kwa mbio bila shaka alikuwa na kofia nzuri ya jua.

Dada yake Lugembe, Pelagia, mjane wa Ipuli, alikuwa na mtoto mmoja tu, Wenceslaus, umri miaka ishirini na minne, kibarua wa reli. Kijana mrefu, mpole, mwenye miguu ya swala. Mama yake alikuwa na goti bovu, na kila Jumapili alilikokota mpaka kanisani asubuhi na kulikokota kurudi mchana. Wenceslaus akaiona ile baiskeli na kiti chake cha nyuma, akamwona mama yake amekaa juu yake. Akaja Ng'ambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kushonewa au kuniomba tumbaku?"

"Nimekuja unifundishe kukimbia. Wewe ulivuka Mgunda Mkali."

Lugembe angeweza kucheka hapo na mambo yakaisha. Lakini mteja mmoja alikuwa amekaa anangoja kubazi lake, naye akainua macho. Lugembe akakohoa, akakunja mikono. "Kukimbia ni kitu gani? Kukimbia ni kutembea kwa haraka. Njoo kesho, saa sita."

"Za usiku?"

"Za jua, mpwa wangu! Mbio ni za jua!"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wiki sita Wenceslaus, akitoka kazini zamu ya asubuhi, alikimbia njia ya zamani ya misafara kuelekea Igalula na kurudi, jua likiwa utosini, kijiwe chini ya ulimi. Tangu alfajiri mpaka jua lizame, hata tone. Akirudi, mjomba alikuwa akimngoja mlangoni na mtungi wa maji baridi, na hapo ndipo uchokozi wake ulipomtoka. Alichota kwa kata, akayamimina polepole kurudi mtungini, yakalia. "Kunywa basi, mwanangu. Mimi sitasema. Kunywa tu kidogo." Mara ya kwanza Wenceslaus alinyoosha mkono, mjomba akaupiga kofi. "Ehe! Kirangozi angekuchapa!" Wakacheka wote wawili. Baada ya hapo kijana hakunyoosha tena. Akiambiwa kunywa, alitikisa kichwa na kutabasamu na midomo yake iliyokauka, na Lugembe akawaambia majirani, "Mnamwona? Huyo ni mpagazi wa damu!"

Tena alizidi kuwa mwepesi, hilo lisifichwe. Vibarua wenzake waliompima kwa saa ya nyapara walisema hakuna mtu wa kumshika. Lakini alikonda, macho yakaingia ndani, na siku moja nyuma ya nyumba akamwita mjomba wake amwonyeshe mkojo wake, mwekundu kama chai ya rangi.

"Ni uchafu unatoka," alisema Lugembe. Usiku ule hakulala vizuri, lakini asubuhi alisema tena vilevile.

Jioni, akifika Ipuli, Wenceslaus alimaliza mtungi mzima. Mama yake alimtazama, akacheka. "Mjomba wako amekuhadithia leo?"

"Amenihadithia."

"Haya. Kula."

Siku tano kabla ya mbio Masolwa alipita Ng'ambo na kubazi lililokatika ukanda. Yeye ndiye aliyefika pwani kweli, tena mara tatu, na wala hakuwa akisema. Ukimwuliza atakwambia pwani kuna joto. Akamkuta Wenceslaus ameegemea ukuta, anatetemeka juani, na mtungi upo hatua mbili kutoka kwake. Masolwa alimngojea aondoke, kisha akakaa.

"Lugembe. Yule kijana unamfanya nini?"

"Namfundisha kama tulivyofundishwa."

"Nani alikufundisha? Wewe na mimi hakuna mtu mwingine hapa, sema tu." Lugembe akashika sindano yake. Masolwa akaendelea, taratibu, bila ukali. "Tulipoingia Mgunda Mkali tulikunywa kwanza mpaka matumbo yakawa ngoma. Kila mtu na kibuyu chake kiunoni. Tulilamba chumvi. Jua likikaza tulilala chini ya miti kama watu wenye akili. Ile fimbo uliyoiona Tura, rafiki yangu, ilikuwa ya watu waliofika na kiu ya siku mbili, wasije wakabugia wakapasuka. Waliambiwa wanywe kidogo kidogo. Wewe uliona fimbo tu, ukaondoka."

Lugembe alitoboa matundu matatu asiyoyahitaji. "Ataniona mimi ni nani?"

"Atakuona ni mjomba wake. Mwambie, Lugembe. La sivyo nitamwambia mimi."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kabla hajakimbia. Naapa kwa kaburi la mama."

Masolwa alikubali, maana hakupenda kumvua rafiki nguo. Alilichukua kubazi lake akaenda.

Siku zikapita. Jumanne Lugembe alitaka kusema, kijana akaja na mwenzake wa reli. Jumatano alitaka kusema, mvua ya uongo ikanguruma wakakimbilia ndani kila mtu kwake. Ukitafuta sababu za kutosema, zinajipanga mstari zenyewe. Ikafika Jumamosi ya mbio. Alfajiri wakapanda gari la moshi pamoja na wakimbiaji wengine kwenda Igalula, na ndani ya behewa la daraja la tatu Lugembe aliona hakuna tena kesho. Akainama.

"Mwanangu, kuna neno nataka..."

"Jamani," Wenceslaus alisema kwa sauti, mkono begani kwa mjomba wake, "huyu ndiye yule niliyewaambia. Alivuka Mgunda Mkali kwa miguu bila tone la maji."

Behewa zima likageuka. Jamaa mmoja wa Urambo, jitu la mabega, aliinuka akampisha mahali pa kukaa. "Keti mzee wetu. Simba mliwakuta wengi?"

Na Lugembe akaketi. Alisema walikuwa wengi kiasi. Akasikia mdomo wake ukisema, kama mdomo wa mtu mwingine, na gari likafika Igalula simba hawajaisha.

Pale stesheni Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, aliwapanga wakimbiaji kumi na sita. Ilikuwa karibu saa nne na reli zilikuwa zimeanza kuchoma. Madebe ya maji yaliwekwa njiani, moja kila baada ya maili nne au tano. Lugembe alimvuta mpwa wake pembeni, akamshika mkono kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Sikiliza. Ukifika kwenye debe, kunywa. Kila debe. Unanisikia? Kunywa."

Wenceslaus alimtazama, kisha uso wake ukafunguka kwa kicheko, kicheko kile kile cha mlangoni Ng'ambo. "Mjomba! Hata leo unanijaribu!"

"Sikujaribu..."

"Kirangozi atanichapa!" Akarudi mstarini akiruka-ruka, bado anacheka.

Palibaki dakika labda mbili. Dakika mbili zinatosha kusema, "Mimi niliishia Tura." Ni maneno matatu. Lugembe aliyapanga kinywani. Yule mtu wa Urambo alikuwa kando, anasikia, wengine pia. Bendera ikashuka.

Walioyaona wanasema Wenceslaus aliongoza tangu maili ya tatu. Kwenye kila debe wenzake walisimama, wakanywa, wakajimwagia vichwani. Yeye alipita, akapunga mkono. Maili ya kumi na tano alikuwa mbali mbele yao. Maili ya kumi na saba mtu wa Urambo alimkuta ametoka njiani, anakimbia kuzunguka mti wa mninga, mwili mkavu kabisa bila jasho, anasema maneno yasiyoeleweka. Alimshika, kijana akaanguka mikononi mwake. Jitu lile likaiacha zawadi ya baiskeli, likakaa pale limempa kivuli kwa mwili wake mpaka wakaletwa watu na kitanda.

Hospitali alikaa siku mbili. Mkojo uliotoka ulikuwa mweusi kama kahawa, kisha haukutoka tena. Pelagia alimlowesha midomo kwa pamba. Lugembe alisimama miguuni pa kitanda. Jumatatu, saa tisa mchana, padri alikuwa ameshaondoka, na Wenceslaus naye akaondoka.

Msibani kulijaa watu. Pelagia, sauti imekwisha, aliwaambia waombolezaji: "Mjomba wake alijitahidi naye. Wiki sita hakumwacha. Mungu atamlipa." Lugembe alisikia hayo akiwa amekaa juu ya mkeka kati ya wanaume. Masolwa alikuwa pembeni yake. Hakumwangalia, wala hakusema kitu, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Mvua za kwanza zilikuja wiki iliyofuata. Ndugu walikuwa wameondoka, na Pelagia alikuwa amefua nguo za marehemu ili zigawiwe, kama desturi ilivyo. Lugembe alimkuta uani, amenyoosha mguu wenye goti bovu, anazikunja.

"Pelagia, nina neno."

"Sema kaka."

Alilisema lote, la Tura, la Kigwa, la fimbo, la kiapo kwa Masolwa, la dakika mbili. Alipomaliza alikuwa analia kama mtoto mdogo, masikio yake yale makubwa yanatikisika, na hakuna ambaye angeweza kumcheka.

Pelagia aliendelea kukunja suruali mpaka ikaisha.

"Tura najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Najua tangu ukiwa Kigwa. Mwanamke mmoja wa Kigwa, muuza karanga, alikuja akamwambia mama, mwanao yuko kwetu analima. Mama alilia siku moja. Kisha akatukusanya akasema, akirudi anaimba, mpigieni vigelegele, asiyepiga atanijua. Nilikuwa na miaka tisa. Nilipiga mpaka koo likaniuma." Akajipangusa uso kwa kanga. "Ng'ambo wanajua. Ipuli wanajua. Kaka, nani asiyejua? Tulikupenda na uongo wako. Ulikuwa unatuchekesha."

Lugembe akajifuta machozi. "Na yeye?"

"Nilidhani anajua." Mikono ya Pelagia ilisimama. "Haki ya Mungu nilidhani naye anajua. Nilimwona anakunywa mtungi mzima jioni, nikasema mjomba wake anamtania, naye anamtania mjomba wake. Sikumwuliza. Mtoto wangu mwenyewe, sikumwuliza."

Mawingu yalikuwa yameshuka upande wa Kigwa na upepo wenye harufu ya udongo ukapita uani. Lugembe alingoja atukanwe. Alingoja kwa hamu, kama mtu aliyeonyeshwa kisima. Dada yake hakumtukana. Alichagua shati moja katika rundo, jeupe, la Jumapili, akaliweka juu ya magoti yake.

"Mjomba ndiye anayeanza kupewa," alisema. "Lichukue kabla mvua haijafika."