Mai ya Nguvu ya Luberizi

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Luberizi katika bonde la mto Ruzizi, Kongo, sikuonyeshwa mtambo wowote. Kontrametre, yaani msimamizi wetu sisi mafundi, alianza kwa kunusa mikono yangu.

"Weye umekula ndagala?"

"Ndiyo, Shefu," nikajibu; dagaa hao walikuwa chakula changu cha asubuhi.

"Rudia mutoni, unawe na majivu. Wanawake wa Ulaya hawatake kunukia kama bandari ya samaki ya Kalundu!"

Wenzangu walicheka. Nikaenda kunawa.

Kiwanda chetu kilitengeneza mafuta ya manukato mepesi ambayo Wazungu hujipaka majira ya joto kwao. Ganda la ndimu lilitoa ukali wa mwanzo, majani ya mchungwa mchungu yakatoa harufu ya ubichi, na maua yake yakatoa utamu unaobaki kwenye ngozi. Kila kimoja kilipikwa peke yake. Maua yalichumwa kabla jua halijachomoza upande wa Burundi, kwa sababu joto huiba harufu. Mvuke ulipita ndani ya serpentini, bomba la shaba lililojipinda ndani ya pipa la maji baridi, ukageuka kuwa maji, na mafuta yakaelea juu. Bila serpentini hapakuwa na kazi. Maji ya kwanza kutoka, yenye harufu kali, sisi mafundi tuliyaita mai ya nguvu.

Baada ya uhuru direkta, Mzungu mkuu wa kiwanda, alivuka Ruzizi kuingia Burundi, hakurudi. Kontrametre aliendeleza kazi kwa utaratibu uleule, ila alikataa kukaa ofisini. "Kiti hakipike maua," alisema.

Kisha waasi wakashika bonde. Kabla ya vita walinyunyiziwa maji ya dawa, wakiamini kwamba masasi, yaani risasi, hayatawaingia. Sokoni wakasikia kwamba sisi tunapika mai ya nguvu. Komanda wao akaja na vijana wake.

"Mzee, nasikia huku iko mai ya nguvu."

"Iko, komanda. Ni ya maua."

"Utatupikia kila siku. Hakuna mutu atagusa kiwanda chako."

Nilimtazama Kontrametre nikiomba moyoni akubali. Neno moja lingetuachia mtambo na mkate wetu sisi sote. Yeye alichota maji yale kwa kikombe, akamnusisha komanda.

"Nguvu yake ni ya pua, mwanangu. Masasi hayana pua."

Walimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka akaanguka. Serpentini wakaikatakata kwa shoka.

Kiwanda hakikufunguliwa tena. Mimi nilimalizia miaka yangu ya kazi Uvira, nikipika sabuni, na huko ndiko nilikostaafu. Vijana huniuliza kama Kontrametre alikosea, kwa kuwa angeweza kuwapa tu maji yao, nao wangeenda zao. Kwa muda mrefu hata mimi niliwaza hivyo.

Lakini siku zilezile za waasi, vita vilipopita barabarani, tuliitwa kuzika maiti. Wengi walikuwa vijana wa komanda yule. Niliwabeba kwa mikono yangu, mmoja baada ya mwingine, uso wangu karibu na vifua vyao. Walinuka jasho na tope. Hakuna aliyekufa akinukia maua yetu.