Alama za Mama Dizeli

Shangazi yangu ndiye mtunza jenereta wa hospitali yetu ndogo. Kuanzia mfagiaji hadi daktari, wote humwita Mama Dizeli, maana harufu yake huingia chumbani kabla yake.

Tangi lake la mafuta ni pipa refu la chuma lililolazwa ubavu. Hulipima kwa ufito aliouchonga mwenyewe, na alama za ufito huo zilinivunja mbavu: chini zimeachana, katikati zimebanana, juu zimeachana tena.

"Shangazi, hapa ulikuwa unasinzia?"

"Nilikuwa macho kuliko wewe darasani."

Mimi, mwenye miaka miwili ya diploma ya uhandisi na kalkulasi niliyoifeli mara mbili, nikamtengenezea ufito wa kisomi. Kimo cha tangi sentimita themanini, ujazo lita mia tano. Nikagawanya sawasawa, nikapaka rangi nyekundu. Akanishukuru, akautundika nyuma ya mlango.

Asubuhi moja umeme ukakatika. Daktari akaja mbio: kuna mgonjwa wa kupasuliwa tumbo, kazi ya masaa matatu. Mafuta yatatosha?

Jenereta hula lita kumi kwa saa. Nikawahi na ufito wangu: sentimita nane. "Lita hamsini, daktari. Masaa matano. Anza tu!"

Shangazi akatumbukiza wake. "Ishirini na sita hivi. Hayafikishi masaa matatu. Usianze."

"Sasa nimwamini nani?" daktari akauliza.

Shangazi akachukua madumu mawili. Alifungua koki ya chini, akakinga. Dumu la lita ishirini likajaa. La pili halikufika hata nusu, koki ikaanza kudondosha matone.

Nilitamani ardhi inimeze. Dereva akatumwa mbio kutafuta dizeli.

"Tangi lilikuja tupu," shangazi alisema, akiyarudisha mafuta. "Nikamimina dumu moja, nikapima, nikachonga. La pili, nikachonga. Hivyo hivyo mpaka likajaa. Kila kimo kina jibu lake moja, baba, lakini majibu hayapandi kwa hatua sawa. Chini tangi ni jembamba, kitambi kiko katikati."

Miaka miwili nilikariri fanksheni za hesabu kama kasuku, nikidhani kila moja ni mstari ulionyooka. Kumbe ni hii: taja kimo, upewe lita zake. Na ile kalkulasi iliyonitoa jasho inauliza tu: ukiwa hapa, ukipanda kidogo, lita zinaongezeka kwa kasi gani? Chini, polepole. Kitambini, mbio. Shangazi alikuwa amelichonga jibu kwenye mti: alama zinapobanana, ndipo lita zinapokimbia.

Dereva alirudi na madumu manne. Shangazi akamimina, akapima, akafuta ufito kwa kanga yake.

"Mia na ushee. Daktari, sasa anza."

Akaiwasha jenereta, akavuta kigoda, akakaa kando yake bila kwenda hata chooni. Masaa mawili na dakika hamsini baadaye muuguzi alichungulia dirishani.

"Mama Dizeli, wameshamaliza kushona. Mgonjwa mzima. Unaweza kuzima."