Mia na Arobaini kwa Tisini

Kliniki ya wajawazito aliiendesha mkunga mmoja kwa miaka ishirini na miwili. Wanawake wa mtaani walimwita Bi Mkanda, maana hakuna aliyekanyaga mlango wake asifungwe mkanda wa kupimia presha. Hata waliosindikiza walifungwa. Kuna mama aliyeingia kuuza sabuni akatoka na cheti cha kuanzishiwa dawa.

Basi mke wa mdogo wake aliposhika mimba ya kwanza, watu walisema mtoto huyo atazaliwa na bahati, shangazi yake ni mkunga.

Wifi yake alikuwa fundi cherehani, mtu mpole asiyependa kusumbua. Aliishi na mumewe, seremala, nyumba moja na mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa Bi Mkanda. Mimba ilipoingia mwezi wa saba, Bi Mkanda alikwenda kuwasalimia, akaona uso wa wifi umeumuka na pete imezama kidoleni.

"Wifi, umevimba hivi tangu lini?"

Mama akadakia. "Mwache mwenzio. Mimba yako wewe nilivimba mpaka nikavaa ndara za baba yako. Mbona uko hai, tena unatugombeza?"

Walicheka wote. Bi Mkanda akatoa mkanda mkobani, akapima: mia na hamsini na sita kwa mia moja.

"Kesho asubuhi uje kliniki. Nimesema kesho."

Alikuja. Lakini vijiti vya kupimia mkojo vilikuwa vimekwisha, wiki ya tatu hiyo. Bi Mkanda akamfuata daktari, kijana mwenye haraka zake.

"Mlaze nusu saa umpime tena," daktari alisema. "Mtu akipimwa na wifi yake presha itaachaje kupanda?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Naye Bi Mkanda akacheka. Alipopima tena ikawa mia na arobaini kwa tisini.

"Unaona? Arudi baada ya wiki mbili."

Bi Mkanda alijua kwamba hiyo bado ni presha ya juu. Alijua pia jambo alilofundishwa chuoni zamani: vijiti vikikosekana, mkojo huchemshwa kwenye kichupa cha kioo, na kama mna protini, dalili ya hatari kwa mjamzito mwenye presha, hugeuka mweupe kama ute wa yai lililoiva. Kichupa kilikuwepo. Jiko lilikuwepo. Ila nje walingoja wanawake arobaini, na masikioni mwake kile kicheko kilikuwa hakijaisha. Aliwaza watakavyosema: mkunga mzee sasa anapika mikojo. Akaandika namba kwenye kadi.

"Kichwa kikikuuma, au macho yakiona nyota, au tumbo likibana hapa chini ya kifua, njoo mbio," alimwambia wifi. "Usiulize mtu."

Siku ya tisa kichwa kilianza asubuhi. Wifi, kwa upole wake, aliuliza mtu.

"Ukienda kwa huyo atakulaza mwezi mzima," mama mkwe alisema, akampa vidonge viwili vya maumivu. "Na hizo sare za shule nani atazimaliza?"

Saa sita mchana jirani alisikia cherehani ikianguka. Alimkuta sakafuni, mwili unakakamaa na kutetemeka, povu mdomoni. Kifafa cha mimba. Wakampakia kwenye gari la jirani, mbio hadi kliniki.

Bi Mkanda alimtambua kwa gauni. Hakulia. Alimlaza ubavu, akasafisha koo, akamwekea oksijeni. Akamchoma sindano za magnesiamu za kuzuia degedege, ya kwanza mshipani taratibu, mbili nyingine matakoni. Akaweka mpira wa mkojo. Ndani ya gari la wagonjwa alipiga magoti hadi hospitali kubwa, anagonga goti la wifi kuona kama bado linaruka, maana dawa ikizidi goti huacha kuruka, anahesabu pumzi. Akatafuta mapigo ya moyo wa mtoto. Akatafuta tena upande wa pili.

Mtoto alizaliwa maiti. Wa kike. Mama yake alipona.

Ukumbini seremala alimsogelea. "Dada, ulimpima. Ukamrudisha nyumbani."

Mama yao alikuwa ameketi pale pale, macho chini. Jirani alikwisha kumsimulia Bi Mkanda habari za vidonge. Angeweza kuvitaja. Angeweza kumtaja daktari.

"Nilimrudisha," alisema.

Daktari alihamishwa mwaka ule, akaagwa kwa hotuba ndefu. Vijiti vilikuja, vikaisha, vikaja. Vilipoisha, Bi Mkanda alichemsha, na aliyecheka alitolewa nje.

Baada ya miaka miwili wifi alishika mimba tena. Akawa anapita mbele ya geti la Bi Mkanda kwenda kliniki ya mbali. Bi Mkanda alimpa mama ujumbe: aliyepata kifafa cha mimba kinaweza kumrudia, aulizie mapema aspirini ya kinga, apimwe mara kwa mara.

"Nitamwambia," mama alisema, kama anayembembeleza mtoto alale.

Habari za kujifungua alizipata kwa muuza vitunguu. Wa kiume, mzima, ana siku tano. Akaenda. Seremala alimpokea akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye mwimo.

"Amelala."

"Presha yake imeshuka? Hata baada ya kujifungua inaweza—"

"Hilo tu ndilo unalojua kuuliza, Dada?"

Ndani mtoto alilia, sauti ya wifi ikambembeleza. Bi Mkanda alingoja kidogo, pengine ataitwa. Kisha akashuka ngazi.