Goti Waliloliita Zima

Janelle Tafoya aliandikwa mzima na daktari saa tatu na nusu asubuhi, Jumatano ya pili ya Julai, na saa nne na dakika kumi akaachwa na timu. Ni dakika arobaini. Nazitaja kwa sababu watu wa klabu wanapenda kusema kwamba mambo hayo mawili hayahusiani. Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano, lakini saa najua kuisoma.

Alikuwa akiishi kwangu, South Omaha, katika chumba cha juu alichokiacha mwanangu alipohamia Lincoln. Wachezaji wengi wa ligi ya mpira wa wanawake huishi hivyo, kwa watu waliojitolea kuwapokea. Mimi na mume wangu Vern tulikuwa tumekwisha kupokea wanne. Janelle alikuja na mabegi mawili, mto wake wa kulalia, na mitungi sita ya pilipili za kijani za kwao Pueblo, kama mtu aliyeambiwa kwamba Nebraska hakuna chakula. Akakaa misimu mitatu.

Alikuwa beki wa kushoto. Si wa kubandikwa picha kwenye mabasi. Mama yake alikuwa dereva wa basi la shule, na ndiye aliyempeleka kwenye mechi zote za utotoni. Chuo kikuu alisomeshwa na miguu yake, huko Wyoming. Siku klabu zilipokuwa zikichagua wahitimu hakuitwa, akaketi na familia nzima mbele ya televisheni mpaka majina yakaisha na keki ikabaki haijakatwa. Nafasi ya kwanza aliipata mwaka wa Kombe la Dunia. Nyota wakienda timu ya taifa, klabu huita wasichana wa kuziba mapengo, na nyota wakirudi, wazibaji hufungasha. Alicheza mechi tisa, akafungasha. Akaenda Iceland msimu mzima, akarudi, akapata mkataba wa kweli wa miaka miwili, na mwaka wa pili wakambadilisha bila kumuuliza. Habari ilimfikia kwa daktari wa meno, mdomo wazi.

Kubadilishwa kwenyewe kulikuwa hivi: klabu yake ilimtoa kwa Platte, timu yetu, nayo Platte ikatoa nafasi moja ya kusajili mchezaji wa kigeni. Hawakutoa mtu. Walitoa nafasi tupu.

"Nilibadilishwa na kiti kisicho na mtu," alituambia jioni ya kwanza mezani. "Na mashabiki wa kule wakalalamika kwamba wamepunjwa kiti."

Vern akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilimwongezea viazi.

Goti liliumia mwezi wa Mei, kwenye uwanja wetu. Njumu zilinasa kwenye nyasi za plastiki, mwili ukageuka, goti likabaki. Daktari wa timu alilibinya huku na huku akasema mfupa umechubuka, utapona wenyewe. Wakampiga picha moja, wakamchoma sindano mbili, wakampa baiskeli isiyokwenda popote. Wiki tano, sita, saba. Mwishoni mwa Juni alikuwa anashuka ngazi zangu kinyumenyume, ameshika reli kwa mikono miwili.

"Huyu ni beki au lori linarudi nyuma?" Vern aliuliza.

"Lori likirudi nyuma linalia, mzee. Mimi umenisikia nikilia?"

"Nasubiri."

"Basi utasubiri sana. Sogea, nikikuangukia mama Rhonda atasema nimeharibu fenicha."

Rhonda ni mimi. Hivyo ndivyo walivyotaniana, na nyuma ya utani wote tulijua kwamba alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwamba msichana wa miaka ishirini na mbili alikuwa akicheza mahali pake kila Jumamosi. Alitaka kurudi uwanjani kabla nafasi haijamzoea mwingine. Hilo tu ndilo alilolitaka mwaka ule.

Jumanne jioni klabu ikampigia kwamba kesho atapimwa. Alikuwa ameketi jikoni, mfuko wa njegere za barafu juu ya goti.

"Niwaambie ukweli?" akaniuliza.

"Ukweli gani?"

"Kwamba nikikunja sana, kuna kitu kinakwama ndani. Kama mlango."

Nami, mtu mzima na akili zangu, nikamwambia, "Mwanangu, hakuna kocha anayempenda mlalamishi. Kaza meno siku moja. Ukisharudi mazoezini litalainika."

Asubuhi nikampa vidonge viwili vya maumivu kutoka kabati langu. Mkono wangu huu ndio uliompa.

Daktari alimwambia aruke kwa mguu mmoja mara tatu. Akaruka. Akamuuliza kama ana maumivu ya kumzuia kazi, akasema hapana. Hakumkunja goti wala hakumpiga picha nyingine. Akasukuma karatasi, Janelle akasaini, naye akasaini. Saa tatu na nusu simu yangu ikalia.

"Mama Rhonda, nimeandikwa mzima."

Nilifurahi kama mjinga. Nikabandika sufuria kubwa ya maharage na nyama, nikakanda unga wa mikate ya mdalasini, maana kwetu kimoja hakiliwi bila kingine. Nikampigia Vern kazini kumwambia asichelewe.

Mchana akaingia kwa mlango wa nyuma na mfuko mweusi wa takataka begani. Ndani mlikuwa na njumu zake, vilinda ugoko na taulo. Akauweka sakafuni taratibu.

"Wameniacha."

"Wamekuachaje? Si umepona?"

"Ndiyo maana." Alikuwa anautazama unga wangu mezani. "Aliyeumia kazini hawaruhusiwi kumwacha. Kanuni inasema hivyo, mpaka daktari amwandike mzima. Nilitoka kwa daktari, nikaitwa kwa Craig. Barua ilikuwa imekwisha kupigwa chapa, ina tarehe ya jana."

Craig Wendland ndiye meneja mkuu wa Platte. Kulikuwa na mchezaji wa Denmark waliyemtaka na kikosi kilikuwa kimejaa.

Niliketi. Sikukasirishwa na Craig kwanza. Nilijikasirikia mimi, kwa sababu mchezo ule niliujua. Nilifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha nyama, laini ya kukata bega la ng'ombe, kisu mkono wa kulia na ndoano wa kushoto. Kifundo kilipovimba, nesi wa kampuni alinipa kazi ya kukunja makaratasi, kisha akaniletea fomu ya kusema nimepona. Alitabasamu, akanisifu kwamba mimi ni ngangari. Nikasaini. Wiki tatu baadaye nikaondolewa kwa kushindwa kuifuata kasi ya laini. Mpaka leo mkono huu haufungui chupa. Na bado, pale jikoni kwangu, mimi niliyekwisha ng'atwa na nyoka nilimwambia mtoto wa mwenzangu atie mkono shimoni.

"Piga simu kwenye chama cha wachezaji," nikamwambia. "Sasa hivi."

"Siwezi. Klabu nyingine zina saa ishirini na nne za kunichukua. Anayelalamika hachukuliwi."

"Na goti?"

"Goti ni zima, mama Rhonda. Kuna karatasi."

Tuligombana. Niliinua sauti, naye akazidi kuishusha yake, jambo linaloudhi kuliko kelele. Vern alirudi akatukuta kila mtu amegeukia ukuta wake. Akala mikate ya mdalasini peke yake, kwa woga.

Kesho yake klabu ya Tidewater, huko Virginia, ikamchukua. Nilimpeleka uwanja wa ndege. Alitembea vizuri mpaka mlangoni kwa sababu alijua ninamtazama. Jumatatu akanipigia simu. Daktari wa kule alikuwa amemkunja goti mara moja tu, akasimama, akamlaza kwenye mashine ya picha siku ileile. Gegedu lilikuwa limechanika na kujikunja, na mchaniko haukuwa wa jana. Tidewater wakamrudisha. Goti moja, madaktari wawili, siku tano: Omaha lilikuwa zima la kutosha kumwacha, Virginia bovu la kutosha kumkataa.

Nilimpeleka mwenyewe ofisini kwa Craig. Craig ana ofisi yenye kioo kinachotazama uwanja, na hajawahi kunipita bila kunishika mkono.

"Bibi Kubicek, karibu. Janelle, pole sana, tumesikia."

"Mlisikia wapi?" nikauliza. "Daktari wenu hakusikia chochote wiki nane."

"Naelewa hisia zako. Lakini Janelle aliulizwa kama ana maumivu, akajibu, akasaini mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono."

"Barua yako ya kumwacha ina tarehe ya Jumanne. Alipimwa Jumatano."

Aliitazama karatasi niliyoiweka mezani kama vile imeandikwa Kigiriki.

"Hilo ni suala la makarani."

"Na kama asingeruka? Kama angesema linauma?"

"Hakusema," Craig akajibu.

Janelle alikuwa anatazama nje, wenzake wakinyoosha misuli. Craig alitusindikiza hadi mlangoni, na pale, kwa sauti ya chini, kana kwamba ananifanyia heshima, akaniambia, "Kuna jambo jingine dogo. Msichana wa Denmark anafika Jumamosi. Nyumba yako wachezaji huipenda sana. Chumba kitakuwa kimepatikana?"

"Chumba kina mtu," nikasema. "Na ataendelea kuwamo mpaka aweze kushuka ngazi akitazama mbele. Mpeleke kwako, una nyumba kubwa."

Kwenye maegesho Janelle akasema, "Nipe simu." Akawapigia chama.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Septemba, nami nikaitwa. Wakili wa klabu aliniuliza kama ni kweli nilimshauri mchezaji afiche maumivu. Nikasema kweli. Akaniuliza kama nilimpa dawa. Nikasema vidonge viwili, nikataja na jina la dawa. Akatabasamu. Nikamwambia asitabasamu, mimi si daktari, daktari wenu ndiye aliyelipwa kumkagua, na mimi nikidanganywa na msichana aliyekaza meno nina kisingizio, yeye hana. Msuluhishi aliandika kitu.

Uamuzi ulichelewa wiki kadhaa. Platte waliamriwa kumtibu. Kumrudisha kikosini hawakuamriwa, kwa sababu mkataba wake ulikuwa unakwisha Novemba, na Novemba ilikuwa imefika. Akapasuliwa wiki ya pili ya mwezi huo.

Daktari wa upasuaji alikuwa mzee asiyejua mpira. Alikuja kitandani, akavuta kiti.

"Mwezi Mei ningelishona," akasema. "Lakini limesagwa kwa miezi. Umekimbia nalo, umeruka nalo. Nimelazimika kulikata."

"Nitacheza?"

"Utatembea vizuri. Utakimbia kidogo na wanao ukijaliwa. Kucheza kwa kazi, hapana."

"Asante, daktari," Janelle akamwambia.

Ndani ya gari nilishindwa kuvumilia. "Mtu anakuambia umekwisha, unamshukuru?"

"Kabla ya kunipasua aliniuliza panapouma ni wapi. Ndiye wa kwanza mwaka huu," akasema, kisha akageuza uso dirishani, na safari hiyo nilimsikia akilia.

Sasa anafundisha mpira wasichana wa sekondari moja huko Bellevue. Ni mwalimu mkali. Msichana wake akichechemea, hamwulizi kama anaweza kuendelea. Anamtoa, hata kama fainali imebakiza dakika mbili, na wazazi humzomea.

Kwenye tovuti yao Platte waliweka picha yake na maneno machache: mechi sabini na moja, asante kwa moyo wako, Janelle Tafoya amestaafu. Hakustaafu. Anayestaafu huamka siku moja akasema inatosha, na huyu hakuruhusiwa hata kulisema hilo. Nimewapigia simu mara tatu waliondoe neno hilo. Kila mara sauti ya upole hunijibu kwamba watalishughulikia. Leo asubuhi nimetazama tena. Bado lipo.